Umbali na muda wa ndege kati ya miji miwili: mwongozo kamili wa kuupata bila kubahatisha

Kutoka mji huu hadi ule ni kilomita ngapi, na ndege inachukua saa ngapi? Swali linaonekana jepesi, lakini waulize watu watatu uone watakavyopishana. Mmoja atakuwa amepima kwa rula kwenye ramani. Mwingine amechukua umbali wa barabara. Wa tatu ametoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, akapata kwamba Bahari ya Atlantiki inavukwa kwa saa mbili.

Kabla ya hesabu yoyote, shika jambo moja. Umbali kati ya viwanja viwili ni mmoja tu, lakini muda una sura tatu. Kuna muda wa hewani, yaani tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena. Kuna muda wa tiketi, unaohesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye geti hadi inaposimama kwenye geti la uwanja inakokwenda. Halafu kuna muda unaoonekana kwenye saa za ukutani za miji hiyo miwili, ambao peke yake haukuambii safari ni ndefu kiasi gani. Makosa mengi hutokea mtu anapoulizwa sura moja akajibu nyingine.

Mfano wetu utakuwa Madrid na New York. Fanya kila hatua kwa jozi hii kwanza, ulinganishe na majibu yaliyopo hapa, ndipo uende kwenye miji yako.

## Unachohitaji

- Kikokotoo chenye vitufe vya sin, cos na cos⁻¹. Cha simu kinatosha. Mara nyingi vitufe hivyo hujitokeza ukiilaza simu.
- Latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili.
- Tofauti ya kila mji na saa ya dunia (UTC) kwa tarehe ya safari, si kwa tarehe ya leo.
- Aina ya ndege, kama unaijua. Ukijua tu kama ni jeti au ni ya pangaboi, inatosha.
- Karatasi. Andika kila jibu la katikati, maana bila hayo hutajua kosa liliingilia wapi.

Ramani ya ukutani iache ilipo. Sababu utaiona Hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Chagua viwanja, si miji

Ndege haitui mjini, inatua uwanjani, na mji mkubwa unaweza kuwa na viwanja kadhaa vilivyotawanyika. London inahudumiwa na viwanja sita: Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, City na Southend. Tokyo ina viwili vikubwa, na kimojawapo, Narita, kiko kilomita 60 hivi kutoka katikati ya jiji.

Kwa hiyo tumia kodi ya uwanja wenyewe, yaani msimbo wake wa herufi tatu. Kwa mfano wetu ni MAD (Madrid-Barajas) na JFK (John F. Kennedy, New York).

Tahadhari mbili. Kwanza, kodi kama LON na NYC ni za jiji zima, hakuna uwanja unaoitwa hivyo. Ukiziona kwenye tiketi, endelea kusoma hadi uikute kodi ya uwanja. Pili, kuna majina yanayofanana. SJO ni San José ya Costa Rica, SJC ni San Jose ya California, na miji hiyo miwili imetenganishwa na maelfu ya kilomita.

Ukishakuwa na kodi mbili na jina la nchi mbele ya kila moja, endelea.

## Hatua ya 2: Andika latitudo na longitudo kwa desimali

Hapa ndipo hesabu nyingi hufia, na mwenyewe huwa hajui kama zimekufa, kwa sababu jibu lisilo sahihi huja likiwa na sura ya jibu sahihi.

Vyanzo vingine huandika nyuzi, dakika na sekunde. Uwanja wa Madrid, kwa mfano, uko nyuzi 40, dakika 28 kaskazini. Hiyo si 40.28. Dakika zigawanye kwa 60, na sekunde, kama zipo, kwa 3600, kisha ujumlishe. Dakika 28 ni 0.467, kwa hiyo latitudo ni 40.47 ukiikadiria kwa desimali mbili.

Baada ya hapo weka alama. Kaskazini na mashariki ni chanya. Kusini na magharibi ni hasi.

- MAD: latitudo 40.47, longitudo −3.56
- JFK: latitudo 40.64, longitudo −73.78

Alama ya kutoa ikisahaulika, madhara hutegemea umeisahau wapi. Kwenye jozi hii, ukiisahau kote kuwili hutaona tofauti, kwa kuwa viwanja vyote viko magharibi. Ukiisahau kwa New York peke yake, utapata kilomita 6,303, kosa la kilomita mia tano na arubaini hivi, na namba yenyewe itaonekana ya kuaminika kabisa. Kwa Johannesburg na Cairo mambo huwa wazi zaidi: Johannesburg iko kusini ya ikweta, na ukisahau alama yake, safari ya zaidi ya kilomita 6,200 itashuka hadi chini ya 600. Afadhali kosa linalopiga kelele kama hilo kuliko lile la kwanza.

Jipime hivi: latitudo haivuki 90 wala longitudo haivuki 180. Ukikuta namba kubwa kuliko hizo, umeandika vibaya, au umeziweka mbili hizo mahali pa mwenzake.

## Hatua ya 3: Kokotoa umbali

Dunia ni ya mviringo, kwa hiyo njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili ni kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Kanuni yake ni hii, ambapo lat1 na lat2 ni latitudo za viwanja viwili na d ni umbali kati yake kwa nyuzi:

cos d = (sin lat1 × sin lat2) + (cos lat1 × cos lat2 × cos tofauti ya longitudo)

Hakikisha kikokotoo kiko kwenye nyuzi (DEG), si radiani (RAD). Kijaribu kwa sin 30, kikikupa 0.5, endelea. Kikikupa kitu kingine, badilisha kwanza.

Sasa hatua kwa hatua:

1. sin 40.47 × sin 40.64 = 0.4227
2. Tofauti ya longitudo: 73.78 − 3.56 = 70.22
3. cos 40.47 × cos 40.64 × cos 70.22 = 0.1954
4. Jumlisha: 0.4227 + 0.1954 = 0.6181
5. cos⁻¹ ya 0.6181 = nyuzi 51.82
6. Zidisha kwa 111.2: takriban kilomita 5,762

Hiyo 111.2 ni urefu wa uzi mmoja juu ya uso wa dunia, tukichukua nusu kipenyo ya wastani ya kilomita 6,371. Kwa kweli dunia imebonyea kidogo kwenye ncha: nusu kipenyo yake ni kilomita 6,378 kwenye ikweta na 6,357 kwenye ncha. Ndiyo maana kikokotoo kingine cha mtandaoni kinaweza kukupa kilomita kumi au ishirini zaidi au pungufu. Usigombane nacho. Tofauti ya aina hiyo haifiki nusu asilimia, na upepo wa siku moja tu unaifuta.

Ukipenda kutumia lahajedwali kama Excel, weka latitudo na longitudo ya kwanza kwenye A1 na B1, za pili kwenye C1 na D1, kisha:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(A1))*SIN(RADIANS(C1))+COS(RADIANS(A1))*COS(RADIANS(C1))*COS(RADIANS(D1-B1)))

Lahajedwali hufikiri kwa radiani, ndiyo sababu ya neno RADIANS kujirudia mara zote hizo. Ukilisahau mahali pamoja tu, jibu lote limeharibika.

Ukipata kati ya 5,760 na 5,765, umepita. Na kwa jozi yoyote duniani, jibu likizidi kilomita 20,050 rudi mwanzo, maana hakuna sehemu mbili za uso wa dunia zilizo mbali kuliko nusu ya mzingo wake.

Kuhusu maili. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni kilomita 1.852. Maili ya kawaida ya Marekani na Uingereza ni kilomita 1.609. Kilomita 5,762 ni maili za baharini 3,111, au maili za kawaida 3,581. Ukiona "maili" bila maelezo, uliza ni zipi kabla ya kuandika chochote.

## Hatua ya 4: Elewa kwa nini mstari wa ramani unadanganya

Hatua hii haina hesabu ya lazima, lakini usiiruke. Bila hiyo, siku utakapoiona njia ya ndege kwenye skrini ya kiti chako utadhani rubani amepotea.

Madrid na New York ziko karibu kabisa kwenye latitudo moja. Kwenye ramani bapa, mstari ulionyooka kati yao unakwenda moja kwa moja magharibi. Ukiufuata mstari huo, utasafiri takriban kilomita 5,930. Duara kuu ni 5,762. Mstari "ulionyooka" una kilomita 170 hivi za ziada.

Njia fupi yenyewe hupinda kuelekea kaskazini na katikati ya safari hufikia karibu nyuzi 46, zaidi ya kilomita 600 kutoka ule mstari wa ramani. Chukua uzi na tufe la dunia, uvute uzi kati ya miji hiyo miwili hadi ukaze, na utauona ukipanda wenyewe. Kadiri miji ilivyo mbali na ikweta na ilivyotengana kwa mashariki na magharibi, ndivyo mpindo unavyokuwa mkubwa. Kwa miji iliyopangana kaskazini na kusini, kama Johannesburg na Cairo, hauonekani kabisa.

## Hatua ya 5: Ongeza umbali wa njia halisi

Duara kuu ndiyo njia fupi, lakini ndege hazipewi nafasi ya kuifuata kwa usahihi. Zinapaa kuelekea upepo unakotoka, zinazunguka kuingia kwenye njia zao za angani, zinakwepa mawingu ya radi, na zikikaribia kutua zinapangwa foleni. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna njia zinazopangwa upya kila siku kulingana na upepo, kwa hiyo ya jana siyo ya leo.

Kwa kukadiria:

- Safari ndefu (zaidi ya kilomita 3,000): ongeza asilimia 3.
- Safari fupi (chini ya kilomita 1,000): ongeza asilimia 10, kwa sababu mizunguko ya kupaa na kutua ni sehemu kubwa ya safari yenyewe.
- Katikati ya hapo: asilimia 5 hadi 7.

Madrid–New York: 5,762 × 1.03 = takriban kilomita 5,935.

Onyo kubwa hapa ni anga iliyofungwa. Tangu mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Ulaya hayaruhusiwi kupita juu ya Urusi. Safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ikichukua saa tisa na nusu hivi, ikawa ya saa kumi na tatu hivi kwa shirika la Finland, ilhali miji yenyewe haijasogea hata hatua. Katika hali kama hiyo asilimia 3 haina maana yoyote. Angalia njia ambayo ndege zinapita sasa, uigawe vipande viwili au vitatu, upime kila kipande kwa kanuni ya Hatua ya 3, kisha ujumlishe.

## Hatua ya 6: Weka kasi, halafu upepo

Kasi utakayoikuta kwenye sifa za ndege ni kasi yake ndani ya hewa. Wewe unahitaji kasi yake juu ya ardhi, na kati ya hizo mbili umekaa upepo.

Anza na kasi ya ndani ya hewa:

- Jeti kubwa za safari ndefu, kama Boeing 787 na Airbus A350: takriban km 900 kwa saa
- Jeti za ukubwa wa kati, kama Boeing 737 na Airbus A320: takriban km 830 kwa saa
- Ndege za pangaboi, kama ATR 72: takriban km 500 kwa saa

Kisha upepo. Kwenye latitudo za kati, kaskazini na kusini ya ikweta, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwenye kimo kilekile cha kilomita 9 hadi 12 ambako jeti husafiri. Huwa mikali zaidi majira ya baridi. Ndege inayokwenda mashariki husukumwa. Inayokwenda magharibi huzuiwa. Ndiyo maana "muda wa ndege kati ya miji miwili" bila kusema unakwenda upande gani ni jibu nusu.

Mnamo Februari 2020, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, ikiwa na dhoruba iliyoitwa Ciara mgongoni. Kasi yake juu ya ardhi ilipita km 1,300 kwa saa, ambayo ni zaidi ya kasi ya sauti huko juu. Lakini ndani ya hewa iliyokuwa ikiibeba, ndege ilikuwa inakwenda mwendo wake wa kila siku.

Kwa makadirio ya mwaka mzima juu ya Atlantiki ya Kaskazini mimi hutoa km 60 kwa saa kwenda magharibi, na kuongeza 80 kwenda mashariki. Hazilingani kwa sababu wapangaji wa safari nao hawalali: anayekwenda mashariki hutafuta pale upepo ulipo na nguvu, na anayekwenda magharibi hupakwepa. Kwa safari za kaskazini–kusini, au zilizo karibu na ikweta, acha upepo kabisa. Utakosea kidogo tu.

Madrid → New York: 5,935 ÷ (900 − 60) = saa 7 na dakika 4.

New York → Madrid: 5,935 ÷ (900 + 80) = saa 6 na dakika 3.

Kosa la kawaida hapa ni kusoma 7.07 ya kikokotoo kuwa saa 7 na dakika 7. Sehemu ya desimali izidishe kwa 60 ndipo upate dakika: 0.07 × 60 ni dakika 4. Kwa 7.07 hasara ni ndogo, ila 7.5 ukiisoma kuwa saa 7 na dakika 5 umeshapoteza dakika 25.

## Hatua ya 7: Ongeza muda usiopungua

Ndege haianzi safari ikiwa na km 900 kwa saa. Inatembea kutoka getini hadi njia ya kurukia, inasubiri zamu, inapanda polepole, inashuka polepole, inatua, kisha inatembea tena. Gharama hii ya muda unailipa mara moja kwa kila kupaa na kutua, uwe unakwenda karibu au mbali.

- Viwanja vikubwa vyenye msongamano, safari ndefu: ongeza dakika 60.
- Safari fupi kwenye viwanja vya kawaida: ongeza dakika 40.

Nusu ya muda huo ni wa ardhini na nusu ni wa mwendo mdogo angani. Kwa hiyo ukitaka muda wa hewani peke yake, ongeza nusu tu.

Madrid → New York sasa ni saa 8 na dakika 4, tuseme 8:05. Kurudi ni 7:03, tuseme 7:05. Ratiba za mashirika hukaa karibu na hapo au juu kidogo: saa nane na kitu kwenda, saa saba na kitu kurudi. Hiyo "juu kidogo" ni ya makusudi. Mashirika huongeza dakika za akiba kwenye ratiba ili ndege iliyochelewa kuondoka bado iweze kufika "kwa wakati".

Jaribu na safari fupi pia. Madrid–Barcelona ni kilomita 480 hivi. Ukiongeza asilimia 10 unapata 530. Kwa km 830 kwa saa, hizo ni karibu dakika 40. Pamoja na 40 za ziada inakuwa saa 1 na dakika 20. Nusu ya safari nzima siyo mwendo wa kweli. Anayegawanya umbali kwa kasi na kuishia hapo atakosea kidogo kwenye safari ndefu, na vibaya sana kwenye fupi.

## Hatua ya 8: Fika kwenye saa za ukutani

Kanuni ni moja: kila kitu kipitie UTC. Usijaribu kuruka kutoka saa ya mji mmoja hadi ya mji mwingine kichwani.

Mfano wa Julai, ambapo Madrid iko UTC+2 na New York UTC−4:

Kwenda. Kuondoka Madrid 12:00. Toa 2, ni 10:00 UTC. Ongeza 8:05, ni 18:05 UTC. Toa 4, unafika New York 14:05. Saa za ukutani zinaonyesha umetumia saa mbili na dakika tano.

Kurudi. Kuondoka New York 21:00. Ongeza 4, ni 01:00 UTC ya siku inayofuata. Ongeza 7:05, ni 08:05 UTC. Ongeza 2, unafika Madrid 10:05 asubuhi ya siku inayofuata. Saa za ukutani zinaonyesha saa 13 na dakika 5.

Sasa jumlisha hizo mbili zinazoonekana: 2:05 + 13:05 = 15:10. Jumlisha na zile za kweli: 8:05 + 7:05 = 15:10. Zinalingana, kwa sababu tofauti ya saa hupungua upande mmoja na kuongezeka kiasi kilekile upande wa pili. Huu ndio mtihani mzuri kuliko yote. Pia ni njia ya mkato: kama una ratiba ya kwenda na kurudi lakini hujui tofauti za saa, jumlisha muda unaoonekana wa pande zote, gawanya kwa 2, na utapata wastani wa kweli wa safari. Ratiba zote mbili ziwe za wiki moja, kwa sababu inayofuata.

Saa zinazosogezwa. Nchi za Umoja wa Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo tofauti ya Madrid na New York ni saa 6 karibu mwaka mzima, ila kwa wiki mbili au tatu za Machi, na wiki moja ya vuli, ni saa 5. Msafiri wa kuunganisha ndege ndiye anayeumia katika wiki hizo.

Saa zisizo kamili. India iko UTC+5:30 na Nepal UTC+5:45. Ukipata jibu linalopishana na ratiba kwa dakika 30 au 45 kamili, chunguza hapo kwanza.

Mstari wa tarehe. Ndege ikitoka Tokyo 17:00 (UTC+9) ni 08:00 UTC. Baada ya saa 9 na nusu ni 17:30 UTC. San Francisco majira ya joto iko UTC−7, kwa hiyo inafika 10:30 asubuhi ya siku ileile, kabla ya saa iliyoondokea. Hesabu haijaharibika, ndivyo ilivyo.

Saa zetu na saa za tiketi. Tiketi hutumia saa 24 kuanzia usiku wa manane. 00:40 ya tarehe 15 ni saa sita na dakika arubaini usiku, nao ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani unatakiwa uwepo jioni ya tarehe 14. Wanaokwenda jioni ya 15 wanaikuta ndege imeondoka tangu jana usiku. Andika pembeni ya tiketi siku ya juma na saa ya Kiswahili, kwa kalamu.

## Hatua ya 9: Kama kuna kuunganisha ndege

Usikokotoe umbali wa moja kwa moja kisha ukaongeza saa za kusubiri. Kila kipande ni safari yake yenyewe, na kila kipande hulipa tena ule muda usiopungua.

Madrid hadi New York kupitia Frankfurt ni kilomita 1,420 hivi, kisha 6,200 hivi. Jumla ni kama 7,600, karibu theluthi moja zaidi ya duara kuu, tena kwa kuanza unakwenda upande usio wako. Jumlisha muda wa tiketi wa vipande vyote na muda wa kusubiri katikati. Kagua kama kipande cha pili kinaondoka kwenye uwanja uleule uliotua. Kwenye miji yenye viwanja vingi si lazima iwe hivyo.

Na usidanganywe na "moja kwa moja". Safari yenye namba moja inaweza kutua njiani. Singapore Airlines ina safari ya kwenda New York inayotua Frankfurt, na nyingine inayokwenda bila kutua kabisa, kilomita zaidi ya 15,000 kwa takriban saa 18 na ushee. Tafuta mahali tiketi inapotaja idadi ya vituo. Ikiwa ni 0, ndiyo uliyokuwa unaifikiria.

## Hatua ya 10: Linganisha na ndege zilizokwisha kuruka

Tovuti za kufuatilia ndege, kama Flightradar24 na FlightAware, huonyesha namba ya safari pamoja na muda halisi wa siku zilizopita. Fungua safari yako, chukua siku saba za karibuni, uangalie vitu viwili: muda wa hewani, na saa iliyofika ikilinganishwa na ya ratiba.

Makadirio yako yakiwa ndani ya dakika 20 kwa safari ndefu, au dakika 10 kwa fupi, umefanya kazi nzuri. Yakipishana zaidi, fuata mpangilio huu wa kutafuta kosa:

- Tofauti ni saa kamili au nusu saa: rudi Hatua ya 8.
- Umepungukiwa kwa safari ya kwenda magharibi na umezidisha kwa ya mashariki: upepo una nguvu kuliko ulivyokadiria. Ongeza namba zako hadi 100 kwa miezi ya baridi.
- Umepungukiwa pande zote mbili: njia halisi ni ndefu. Angalia ramani ya safari iliyopita kama inazunguka anga fulani.
- Umezidisha pande zote mbili kwa safari fupi: huenda viwanja hivyo havina foleni. Punguza zile dakika 40 hadi 30.
- Hakuna kinachoeleweka: kagua alama za kutoa za Hatua ya 2, hata kama una hakika nazo.

Unapopanga ndege ya kuunganisha, usitumie wastani wa siku hizo saba. Tumia siku mbaya kuliko zote uliyoiona. Kama ndege iliyochelewa zaidi ingekuachia muda wa kuikuta ya pili, kata tiketi. Kama isingekuachia, tafuta ya pili inayoondoka baadaye.